Tapo C200: kamera ya kuachiwa nyumba, kwa masharti

Kampala na vitongoji vyake nyumba haiachwi hivi hivi. Kuna harusi Masaka Jumamosi? Wanne wanaenda, mmoja anabaki. Krismasi kijijini? Atafutwe binamu wa kulala sebuleni. Wengine huacha redio ikinguruma usiku kucha ili mwizi adhani kuna mtu. Ndiyo sababu kamera ndogo za Wi-Fi zinatoka haraka madukani Kampala Road na Luwum Street. Mnunuzi hataki picha, anataka kufunga mlango na kuondoka. Tapo C200 ya TP-Link ni mojawapo ya zinazopatikana kirahisi, na hapa inapimwa kwa kipimo hicho kimoja tu: siku tano, nyumba tupu, mwenye nyumba yuko Mbale.

Ndani ya boksi mna kamera yenyewe, adapta ya volti 9 na ampea 0.6, kitako cha kuifunga ukutani au darini, skrubu, na karatasi ya kuonyesha matundu yatobolewe wapi. Kadi ya kumbukumbu haimo. Picha ni 1080p, shingo inazunguka digrii 360 na kuinama digrii 114, maikrofoni na spika zimo. Angalia plagi ya adapta kabla hujaondoka dukani. Mzigo mwingine huja na pini mbili za mviringo, nawe utalazimika kuunga kiunganishi cha bei chee kinacholegea soketini. Kamera inayojizima na kujiwasha mara kwa mara, mara nyingi ugonjwa wake uko hapo kwenye pini.

Kuisajili huchukua dakika kumi, ukiifanya mwenyewe. Weka programu ya Tapo kwenye simu, fungua akaunti kwa barua pepe yako, chomeka kamera usubiri taa yake iwe inameta nyekundu na kijani kwa zamu. Simu itajiunga na mtandao wa muda unaotolewa na kamera, kisha utachagua Wi-Fi ya nyumbani na kuandika neno la siri. Hapa ndipo wengi hukwama: C200 inasoma Wi-Fi ya mawimbi ya 2.4 GHz peke yake. Ruta nyingi za siku hizi hutoa 2.4 na 5 GHz kwa jina moja, simu inashika 5, kamera inatafuta isipate kitu. Ingia kwenye ruta, tenganisha majina hayo mawili, au zima 5 GHz kwa dakika tano mpaka usajili uishe. Baada ya hapo soma taa. Kijani iliyotulia maana yake kamera imefika intaneti. Rangi ya chungwa iliyotulia maana yake imeshika Wi-Fi lakini nje hakutoki kitu, na kwenye ruta ya laini ya simu hiyo kwa kawaida ni lugha ya kusema kifurushi kimeisha.

Sasa fundi. Ukimwita fundi akufungie, mpe ngazi na drili, simu uishike wewe. Kosa kubwa kuliko yote kwenye kamera hizi si la kiwandani: fundi anatumia barua pepe yake mwenyewe kuisajili "ili tumalize haraka", halafu anakukaribisha wewe kama mgeni. Tangu siku hiyo mwenye kamera ni yeye. Anaona sebule yako akiwa Wandegeya anakula rolex, chapati yake ya mayai, wala huna njia ya kumtoa kutoka kwenye simu yako. Dawa ipo na ni rahisi. Inua lenzi kwa kidole itazame juu, chini yake utaona tundu la kadi na kitufe cha kurudisha upya. Kibonyeze sekunde tano, kamera inasahau kila kitu, usajili upya kwa akaunti yako. Mume, mke au kaka akitaka kuona, mshirikishe kupitia programu, usimpe neno la siri. Na washa uthibitisho wa hatua mbili.

Umeme ndio unaoangusha kamera hizi kuliko mwizi. Hesabu yake ni ndogo mno kiasi kwamba watu hawaifanyi. Kamera kwa lebo yake haizidi wati 5.4, ruta ya wati 12 ikiwa kando yake, kwa saa 24 zote mbili zinakula kama yuniti 0.42. Siku tano ni yuniti mbili na kidogo. Sasa ingia jikoni: friji uliloliacha linafanya kazi ndilo litakalomaliza Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Likiimaliza Jumatano saa tisa usiku, kila kitu kinakufa pamoja. Tangu kampuni ya Umeme iondoke mwisho wa Machi 2025 wateja ni wa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, lakini utaratibu ni ule ule: unalipa kwa simu, unapata tarakimu 20, na mtu anazibonyeza kwenye kibodi kilichoko ndani ya nyumba. Kulipa utalipa ukiwa Mbale. Wa kubonyeza ni nani, na mlango umeufunga? Kwa hiyo kabla ya safari soma mita jioni, isome tena jioni ya kesho yake ukiwa umeshazima vitu visivyohitajika, zidisha kwa siku utakazokuwa mbali, ongeza nusu. Friji likiwa tupu, lizime kabisa na uache mlango wake wazi.

Umeme kukatika wenyewe ni jambo jingine. C200 haina betri ndani. Wauzaji watakupa UPS, betri ya akiba, ndogo ya ruta iliyoandikwa 8800 mAh, nambari inayosikika kubwa. Hiyo nambari hupimwa kwenye volti 3.7 za seli, sawa na kama wati-saa 32 na nusu. Ukitoa upotevu wa kupandisha volti hadi 9 na 12, zinabaki kama 26. Ruta na kamera kwa pamoja zitakaa saa moja na nusu, labda karibu mbili kwa kuwa usiku uliotulia kamera haili wati zake zote. Inatosha kwa kukatika kwa jioni. Kwa usiku mzima, nunua betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 20, au tumia ile ya sola kama unayo tayari, inayobeba kama wati-saa 250. Hapo unafika asubuhi. Ila usiunganishe kamera moja kwa moja na volti 12. Inataka 9, weka kipunguza volti kati yao, na ulinganishe unene wa pini kabla ya kulipa. Kosa la kawaida zaidi kuliko hata hilo ni kuweka UPS kwenye kamera na kuisahau ruta. Kamera inabaki hai, inatazama, na haina pa kupeleka habari.

Kadi. Mtengenezaji anasema kadi ya GB 128 inabeba saa 384, yaani siku 16 za kurekodi bila kukoma, kisha kamera inafuta za zamani na kuandika juu yake. Gawanya uone: GB 64 ni siku nane, GB 32 ni siku nne. Kwa safari ya siku tano 32 haitoshi ukirekodi muda wote. Inatosha ukiichagulia irekodi panapotokea mwendo tu, lakini kurekodi muda wote ndiko bora, kwa sababu sekunde kumi kabla ya kengele kulia ndizo zinazoonyesha mtu alitokea upande gani. Nunua kadi iliyotengenezewa kamera, za kuvumilia kuandikwa mchana na usiku. Na usiiamini kabla ya kuipima. Kadi bandia zimejaa: imeandikwa 128, ndani ina 8, na dalili yake ni kwamba siku ya kwanza kila kitu kipo sawa, siku ya pili video hazifunguki. Kwenye kompyuta ya Windows endesha programu ya H2testw, itaijaza kadi yote na kuisoma tena. Kwa GB 128 ni kazi ya saa kadhaa, iache ikifanya usiku. Ikifaulu, iingize kwenye kamera uifomati kutoka ndani ya programu ya Tapo.

Kadi ina udhaifu mmoja usiofichika: mwizi akiona kamera anaing'oa, na ushahidi anaondoka nao mfukoni. TP-Link inauza hifadhi ya mtandaoni kwa malipo ya kila mwezi, ambayo kwa nyumba yenye intaneti ya waya ni sawa, lakini kwenye kifurushi cha laini ya simu itakutafuna. Afadhali kamera mbili. Moja ionekane wazi ikitazama mlango, ya pili ikae juu ya kabati kati ya vikombe na picha za arusi, ikiitazama ya kwanza.

Kuhusu data yenyewe, fuata hesabu ile ile ya kadi: saa 384 kwa GB 128 ni theluthi moja ya GB kwa saa. Saa tatu za kutazama moja kwa moja ni GB moja inayotoka kwenye ruta ya nyumbani, na GB nyingine inayoingia kwenye simu yako. Kifurushi kinaliwa pande mbili. Ukitaka tu kuhakikisha mlango umefungwa, teremsha ubora wa picha, tazama sekunde kumi, funga. Na kifurushi cha ruta kikumbuke tarehe yake. Uzuri ni kwamba hiki, tofauti na Yaka, unaweza kukinunua kutoka popote.

Usiku C200 inatumia taa za infraredi na picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Boksi linaahidi kama mita tisa. Mita tisa utaona kwamba kuna mtu. Kumjua ni nani, uso uwe ndani ya mita tatu au nne, tena asiwe anakimbia. Kwa hiyo iweke pale mtu atakapopita karibu, kona ya chumba inayotazama mlango kwa mshazari, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Darini pia inafaa, ukiigeuza kichwa chini uchague kugeuza picha kwenye mipangilio, lakini kutoka darini utarekodi kofia nyingi kuliko nyuso. Usiielekeze dirishani: mchana mtu anageuka kivuli cheusi mbele ya mwanga. Na wale wanaoiweka ndani ya kioo itazame uani usiku wanapata ukungu mweupe, maana infraredi inagonga kioo na kurudi. Chandarua kinafanya vile vile. Kuta za tofali zilizopigwa saruji, mlango wa chuma, nondo za madirishani, vyote vinakula Wi-Fi, kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta simama na simu pale pale unapotaka kamera ikae uone mistari ya mtandao imebaki mingapi.

Nje usiiweke. Si ya mvua, na veranda ya Kampala kati ya Machi na Mei ni nje. Kuna dada yake C310, yenye kinga ya IP66 dhidi ya vumbi na maji na tundu la waya wa mtandao, hiyo ndiyo ya uani.

Sasa arifa, jambo linaloamua kama utafurahia Mbale au utakaa umeinamia simu. Kamera ikiwa imewekewa hisia kali, haichagui. Pazia likipepea, arifa. Gari likipita na taa zake zikafagia ukuta, arifa. Mjusi akipita sentimita kumi mbele ya lenzi saa nane usiku, infraredi inammulika anakuwa dubwana jeupe la miguu minne linalojaza skrini nzima, tumbo likionekana mpaka mishipa. Mtu aliyeamshwa na picha hiyo akiwa ugenini halali tena. Novemba, nsenene, wale panzi wa kuliwa, wakifika, taa ya veranda inawavuta kwa mamia na kamera inayotazama mlango wazi italia mpaka alfajiri. Kifaa kilichonunuliwa kiondoe woga wa kutoka nyumbani kinakuwa ndicho kinachouleta.

Rekebisha hivi. Ingia kwenye utambuzi wa mwendo, teremsha hisia hadi kati. Chora eneo la kuangaliwa: mlango na njia ya kuingilia, dirisha na pazia uviache nje ya mstari. Weka ratiba, arifa zije saa ambazo mtu hatakiwi kuwepo. Kisha fanya jaribio: toka nje, rudi ukipita mlangoni kama mgeni, mara tatu, mchana na usiku. Ikikukosa hata mara moja, pandisha hisia kidogo. Ikilia bila mtu, tafuta kinachotembea. Futa utando wa buibui kwa kitambaa kikavu kila wiki, maana uzi mmoja ukipepea mbele ya taa za infraredi unatosha kuharibu usiku mzima. Kengele ya kamera yenyewe usiitegemee. Ni spika ndogo, inamshtua aliye chumbani, jirani hasikii kitu.

Na arifa ya kweli ikija? Kamera haikamati mtu. Kabla ya safari andika nambari tatu mahali pamoja: jirani mwenye lango linalotazamana na lako, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), na polisi 999 au 112. Mpigie jirani kwanza, yuko mita ishirini. Sauti ya njia mbili inafaa hapa: "Wewe, nimekuona" kutoka kwenye spika iliyo juu ya kabati inamwondoa kijana aliyekuja kwa ajili ya televisheni.

Kamera hii hii inawatazama pia walio ndani. Maikrofoni yake inasikia mazungumzo ya sebuleni vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Dada wa kazi aambiwe ipo na inatazama wapi, wageni wanaolala waambiwe, na chumba cha kulala na njia ya bafuni visiingie kwenye picha. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na makazi yake, na tangu 2019 kuna Sheria ya Kulinda Data na Faragha. Shingo inayozunguka digrii 360 inaweza pia kugeukia ua wa jirani, na kesi ya namna hiyo kwa LC1 haina mshindi. Familia ikirudi, washa hali ya faragha. Fahamu lakini kwamba kwenye C200 hiyo ni programu tu: kurekodi kunakoma, jicho linabaki limekodoa pale pale. Asiyetaka kubahatisha achomoe waya au aigeuzie ukutani.

Usalama wake wa ndani una historia. Iligunduliwa kasoro iliyopewa nambari CVE-2021-4045 katika orodha ya kasoro za usalama: kamera za C200 zenye toleo la 1.1.15 kurudi nyuma zinaweza kutwaliwa kabisa, bila neno la siri, na mtu aliyeweza kuifikia kamera kwenye mtandao. Ilishazibwa. Lakini kamera iliyokaa ghalani au iliyonunuliwa mkononi inaweza bado kuwa na toleo la kale, kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kusajili ni kufungua mipangilio, kusoma toleo na kusasisha. Umeme usikatike katikati ya zoezi hilo. Neno la siri la Wi-Fi nalo lisiwe lile alilonalo mwanafunzi wa jirani.

Limebaki lile ambalo boksi haliwezi kujua. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ya Uganda ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hali kama hiyo ikirudi, simu yako kijijini haitaona kitu, ila kadi ndani ya kamera inaendelea kuandika, na hiyo ndiyo sababu ya pili ya kutokubali kamera isiyo na kadi. Aliye ndani ya nyumba bado anaweza kuitazama bila intaneti. Mapema, kwenye mipangilio ya juu, tengeneza akaunti ya kamera yenye jina na neno la siri lake, tofauti na ile ya barua pepe. Kisha kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo fungua mtiririko wa mtandao na uandike rtsp://jina:nenolasiri@192.168.1.50:554/stream1, ukiweka anwani ya kamera yako badala ya hiyo. Stream2 ni picha ndogo kwa kompyuta ya polepole. Iambie ruta iipe kamera anwani ile ile siku zote, la sivyo umeme ukirudi anwani inahama nawe unabaki unaitafuta.

Kwa kipimo cha siku tano, C200 inafaulu, mradi ndani ya bajeti uhesabu kadi ya kweli na betri, ambavyo kwa pamoja vinaweza kukaribia bei ya kamera yenyewe. Asiye na pesa ya vyote anunue kadi mwezi huu na betri mwezi ujao, na safari ya kijijini isubiri betri. Siku ukimuuzia mtu kamera hiyo, toa kadi kwanza, iondoe kwenye akaunti yako, kisha bonyeza kile kitufe chini ya lenzi sekunde tano mpaka taa ianze kumeta nyekundu na kijani.